Oktani ya Juu Si Urembo wa Gari

Dada zetu, hasa maharusi mliokabidhiwa gari, mtaambiwa: “La tabo hilo, litie petroli ghali lipate nguvu.” Sisi hatukubali hivihivi. Oktani si nguvu wala usafi. Ni uwezo wa petroli kustahamili mgandamizo isiripuke kabla ya wakati wake. Tabo hukandamiza hewa, ndiyo maana baadhi ya injini huhitaji 95. Zikipewa ya chini hugonga, na pistoni zaweza kuharibika. Lakini injini iliyoundwa kwa petroli ya kawaida haifaidiki sana na ya ghali. Sindano namba 16 ya jinzi haiipendezeshi shifoni. Someni kitabu cha gari, mfuate namba yake. Pesa inayobaki, mbadilishie oili kwa wakati. Israfu si mapenzi.