Msituuzie Shamba Matangani

Siku hizi katika kisiwa chetu cha Juani, Mafia, tunazika na kuuza katika safari moja. Nalisema wazi kwa sababu kila mtu analijua na kila mtu analinong'ona: maiti anazikwa alasiri, na kabla tanga halijaanuliwa kuna mtu ameshapiga hatua za kupimia kutoka kisimani hadi ufukweni. Mpimaji huyo si mgeni. Ni mtoto wa nyumba ileile, ametoka Dar es Salaam kuja kumlilia baba yake, na mfukoni ana namba ya dalali.

Ni aibu, na ni dhuluma. Tukiiacha iendelee kizazi kimoja tu, watoto wetu watavuka kwenda Juani kama watalii.

Najua ninachokisema. Nimezaliwa Juani, naishi Dar es Salaam kama wengi wa rika langu, na karibuni tulifiwa na mjomba wangu, kaka wa mama. Aliyewahi kusafiri kwenda msibani kwetu anajua ilivyo: gari mpaka Nyamisati, chombo mpaka Kilindoni, barabara mpaka Utende, kisha mashua kuvuka ghuba, na maji yakiwa yamekupwa unakunja suruali na kukanyaga tope. Dini inatuhimiza tusimcheleweshe maiti. Kwa hiyo sisi wa mjini mara nyingi tunafika kaburi limeshafukiwa. Waliomwosha mjomba, waliomvisha sanda, walioingia mwanandani kumpokea, wote ni watu waliobaki kisiwani, na waliomuuguza ni haohao. Sisi tulileta rambirambi, mchele na sukari, tukaketi barazani.

Siku ya tatu, khitma ilipokwisha, mazungumzo yakaanza. Yalianza kwa sauti ya chini, na sababu ya kuishusha sauti haikuwa heshima kwa marehemu. Ilikuwa ili mkaza mjomba asisikie. Alikuwa ndani, kizuka, eda yake haijatimiza hata juma moja, na ukuta tu ndio uliomtenga na watu waliokuwa wakijadili bei ya ardhi anayoilima tangu aolewe. Binamu yangu mmoja akatoa simu, akatuonyesha picha alizokwisha kumtumia dalali: minazi, mchanga, maji ya ghuba ya Chole. Picha hizo alizipiga siku ya maziko. Katika mojawapo, pembeni, wanaonekana watu waliovaa kanzu wakirudi kutoka makaburini.

Nilisema hapana pale barazani, na hapa nalirudia mbele ya wote.

Kwanza, shamba lile ni la nani? Mjini tumezoea kiwanja chenye hati na jina moja juu yake. Mafia haikukaa hivyo. Pat Caplan, mwanaanthropolojia aliyefika Kanga, kaskazini mwa Mafia, mwaka 1965, aliandika jinsi mnazi ulivyokuwa mali ya mtu, mwanamke kwa mwanamume, lakini ardhi ya kulima msituni ilikuwa ya ukoo, na ukoo wenyewe ulihesabiwa kwa baba na kwa mama pia. Wazee waliotulea Juani walisema vivyo hivyo. Mtoto wa dada alikuwa na pa kulima kama mtoto wa kaka. Ukiolewa ukaachika, ulirudi ukalima. Binti aliyebaki kumwangalia baba hakuwa akiishi kwa hisani ya kaka zake wa mjini. Leo kijana mmoja, kwa kuwa ana simu na anajua kuongea na wenye fedha, anauza haki ya watu arobaini, wengine bado hawajazaliwa.

Sheria nayo haiko upande wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inaipa haki ya kimila uzito uleule wa haki inayotolewa na serikali, na inasema haki ya mwanamke juu ya ardhi ni sawa na ya mwanamume. Kumhamishia ardhi ya kijiji mtu asiye mkazi kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Asiye raia hapati ardhi nchini ila kwa uwekezaji, kwa utaratibu uliowekwa. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ziangalieni tena zile picha. Kitu cha kwanza kilichokuwa kikinadiwa, yaani mchanga na mahali pa kufungia ngalawa, hakikuwa cha mjomba wala cha mwanawe.

Sasa tuje kwenye dini, maana pale barazani kila mmoja alikuwa na kofia kichwani. Mali ya marehemu haigawanywi hivihivi. Hutoka gharama za maziko, hulipwa madeni, hutekelezwa wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wapewe mafungu yao, na mke wa marehemu aliyeacha watoto ana thumni yake iliyotajwa ndani ya Qurani. Nawauliza binamu zangu: ni nani kati yenu aliyesimama akauliza kama baba yenu alikuwa anadaiwa? Mlijua bei ya ekari kabla ya kujua kama dukani alikuwa na daftari la mkopo.

Mjane anakaa eda miezi 4 na siku 10. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anapewa miezi 4 kuorodhesha mali na madeni na kuiwasilisha orodha hiyo mahakamani kwa maandishi. Sheria ya Mungu na sheria ya nchi zote mbili zimeona kwamba nyumba iliyofiwa inahitaji muda. Mmeipata wapi nyinyi haraka ya siku tatu? Najua mlikoipata. Mmeipata kwenye ratiba ya chombo cha kurudi, na kwa bosi aliyewapa ruhusa ya juma moja.

Kupokonywa kwetu si jambo geni. Ukitembea Juani ukafika Kua, utaona mji wa mawe uliokufa: misikiti, nyumba ya kifalme, makaburi, mizizi imepenya kuta. Mji ule uliteketezwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Wasakalava waliovuka bahari kutoka Madagascar. Waliua, wakachukua mateka. Nilikuwa naenda Kua nikiwa mtoto, na tulifundishwa kuwaogopa watu wale ingawa walikuwa wamekufa zamani. Lakini walikuja na silaha, na wenyeji wa Kua hawakuwapokea kwa karatasi iliyotiwa saini, kama mnavyotaka kufanya nyinyi.

Hoja za upande wa pili nazifahamu. Wanasema ardhi imelala. Haikulala. Kisiwa chetu ni cha matumbawe, udongo wake ni mwembamba, na mkulima wa kwetu hulima akaacha pori lirudi, kisha akalima tena. Pori unaloliona wewe uliyesahau jembe ni shamba linalopumzika. Wanasema hoteli zitaleta kazi. Kazi zipo, na vijana wetu wanazifanya Utende na Chole, siwadharau hata kidogo. Lakini anayetaka mgeni ajenge anaweza kupitia kijijini, kwa makubaliano ya kukodisha yenye miaka na kodi inayojulikana, mbele ya mkutano, ili mpangaji akiondoka ardhi ibaki. Kuuza moja kwa moja, kwa siri, matangani, hakuhitajiki na hoteli yoyote ya halali. Mwenye kuhitaji mauzo hayo ni dalali.

Wanasema pia kuna ada za watoto, kuna madeni ya mjini. Hili ndilo la kweli zaidi na ndilo linaloniuma, kwa sababu najua kodi ya chumba Mbagala na najua bei ya unga. Lakini fedha za shamba zinaishia wapi? Pikipiki moja, bati za nyumba isiyokwisha, muhula mmoja wa shule. Upande wa pili anabaki mama asiye na pa kupanda muhogo, katika kisiwa ambacho bahari yake nayo iko chini ya Hifadhi ya Bahari tangu 1995, na mvuvi anapangiwa nyavu za kutumia na mahali pa kuvua. Bahari ina masharti. Ardhi ndiyo iliyokuwa imebaki mikononi mwetu.

Na tukumbuke jambo moja ambalo sisi wa mjini hatupendi kulisikia. Wajumbe wa mkutano mkuu wa kijiji ni wakazi wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mimi siishi Juani, sina kura. Binamu yangu naye hana. Asiye na kura ya kuamua kisima cha kijiji kichimbwe wapi anaamuaje kisima hicho kiuzwe?

Nataka mambo mawili. Ukoo wetu uweke sharti kwamba ardhi haitajwi mpaka kizuka atoke eda na msimamizi amalize hesabu yake mahakamani, na atakayeitaja kabla ya hapo aondoke barazani siku hiyohiyo. Halmashauri ya kijiji nayo, yenye mamlaka ya kutunga sheria ndogo, iandike kwamba haitapokea karatasi ya mauzo kutoka nyumba yenye msiba kabla ya muda huo, na kwamba hakuna idhini itakayotolewa bila mjane na mabinti kuitwa na kusikilizwa wao wenyewe. Mwenyekiti atakayepokea bahasha chini ya mkeka aondolewe na waliomchagua.

Mkutano mkuu wa kijiji, kisheria, hukutana kila baada ya miezi mitatu. Ujao nitakwenda, nitaomba ruhusa ya kusema, na nitayasema haya binamu zangu wakiwa wamekaa mbele yangu. Mkaza mjomba atakuwa bado ndani. Mabinti zake watakuwepo, na hao wana kura.