Skrini Imewaka, Mwanafunzi Hajui kwa Nini
Maabara zetu zimezoea njia ya mkato: nakili programu iliyokwisha andikwa, fuata picha ya nyaya, skrini ikiwaka umepata alama. Mtindo huu naupinga.

Chukua bodi ya Arduino Uno na skrini ndogo ya kugusa yenye chipu ya ILI9341. Pini za Uno hutoa volti 5. Pini za data za skrini zinataka 3.3. Picha nyingi za kuunganisha hazisemi neno juu ya hilo. Rezista mbili kwa kila waya unaopeleka data, ya omu 1,000 na ya omu 2,000, zingeshusha volti hizo. Asiyefundishwa anaweza kuunguza kifaa kilichonunuliwa kwa mchango wa kundi zima, kisha aitwe mzembe. Mzembe ni nani hapo?

Tena kuna hesabu. Skrini ina nukta 240 kwa 320, kila nukta baiti 2: jumla baiti 153,600. RAM ya Uno ni baiti 2,048 tu. Picha nzima haiingii, hutumwa vipande vipande, ndiyo maana unaiona ikijichora taratibu. Swali hilo moja linapima akili kuliko karatasi nzima ya kukariri, na hatuulizwi.

Mtasema muda hautoshi. Basi majaribio kumi yawe manne, na kila kundi, kabla ya kuwasha umeme, lieleze ubaoni kila waya unabeba nini.