Kujenga Tunajua, Nani Atagonga Boliti?

Handaki la barabara la Sasago, Japani, liliua watu 9 tarehe 2 Desemba 2012, na hakukuwa na tetemeko wala bomu. Lilifunguliwa 1977. Vibao vya zege vya dari, kila kimoja zaidi ya tani moja, vilining'inizwa kwa boliti zilizogandishwa kwa gundi. Maji yakapenya, upepo ukazisukuma kila siku, gundi ikachoka polepole. Takriban mita 130 za dari zikashuka juu ya magari.

Kinachoniuma ni kwamba lilikaguliwa miezi michache tu kabla, lakini boliti za juu hazikugongwa. Watu walitazama toka chini. Nyundo jamani, hata fundi wa mtaani anayo! Tangu 2014 Japani imelazimisha ukaguzi wa karibu kila miaka mitano.

Sasa njoo darasani kwetu. Kila mtu anataka mradi wa mwaka wa mwisho uwe wa kusanifu daraja jipya; ukitaja ukarabati, unachekwa eti umekosa wazo. Mimi nadhani idara ituagize tuanze na dari za hosteli zetu, zile zenye madoa ya maji.