Zeus Amenilipia Kodi ya Nyumba

Mwezi uliopita Zeus alinilipia kodi ya nyumba. Si muujiza. Mimi huandikia wateja wa ng'ambo makala za mtandaoni, na mmoja alitaka makala kumi kuhusu miungu ya Wagiriki na ya watu wa Skandinavia. Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini Loki namjua kuliko binamu zangu. Najua alijigeuza farasi jike, akashika mimba, akazaa farasi wa miguu minane.

Nilipomaliza, nikampigia susu huko Makueni anikumbushe stori ya mlima Nzaui: jinsi Mulungu alivyowashusha mume na mke wa kwanza mwambani, pamoja na mifugo, na nyayo zao zikabaki kwenye jiwe. Alianza vizuri. Katikati akanyamaza. "Mjukuu wangu, hapo pamenipotea."

Kosa si lake. Ni letu, na leo nataka tugombane.

Tunasema stori zetu ni kavu. Uongo! Karibu na Kitui mjini kuna jiwe la Nzambani. Ukilizunguka mara saba, wazee wanasema, mwanamume anakuwa mwanamke, mwanamke anakuwa mwanamume. Wagiriki nao wana Tiresias, aliyekaa mwanamke miaka saba, na wakamwingiza kwenye tamthilia zinazochezwa hadi leo. Sisi tuna jiwe zima, na kazi yetu ni kulipanda tupige selfi.

Na kinyonga je? Alitumwa na Mungu atuambie kwamba tukifa tutafufuka. Alipofika akaanza kubabaika, "Niliambiwa... niliambiwa...", ndege akamdakia maneno, akatangaza kifo cha moja kwa moja. Yaani tunakufa kwa sababu ya mjumbe mwenye kigugumizi na mwenzake mwenye kiherehere. Hiyo kama si komedi ni nini?

Utaniambia hayo ni mapepo. Sawa, bana. Lakini ile Thursday unayokesha kanisani ni siku ya Thor, na viatu vyako vya Nike vina jina la mungu wa kike wa ushindi. Hayo mapepo yana viza?

Na nyinyi watetezi wa utamaduni, msicheke bado. Mnawataja wahenga kwenye hotuba tu, kwa sauti ya matanga. Syokimau alitabiri nyoka mrefu, ndio reli. Leo ana stesheni ya treni yenye jina lake, na abiria wengi wanachojua ni bei ya nyumba za huko. Thor, kwa upande wake, aliwahi kuvishwa gauni la bibi harusi ili apate nyundo yake iliyoibwa. Watu wake walimcheka, na ndiyo maana bado yuko hai. Anayeheshimiwa tu bila kusimuliwa, huyo ameshazikwa.

Tena kuna aibu nyingine. Gerhard Lindblom, Mswidi, mtu wa kwao Thor, alikuja Ukambani kusikiliza mambo yetu, na kitabu chake kuhusu Wakamba kikachapishwa Uppsala mwaka 1920. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, akatoa *Akamba Stories* mwaka 1966. Zamu yetu ilipofika, tukahamia Asgard.

Sisemi tumfukuze Zeus. Bado ana kodi ya mwezi ujao. Nasema tuwatanie wa kwetu pia, tuwaandikie vituko, tuwape sehemu ya pili.

Nilitafuta kipande kilichompotea susu, nikampigia tena. Nikamwambia Mulungu alitoa mume na mke wengine chini ya ardhi, na watoto wao wakaoana na watoto wa wale wa juu.

Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe! Sasa ng'ombe za mahari zilipelekwa juu au chini?"

Hilo swali sijaliona kwenye kitabu chochote. Wiki hii naandika jibu, na hakuna mteja anayenilipa.