Msimbo ulio kifuani si siri ya kampuni

Mtu akiwekewa pesimeka, ushauri humiminika kutoka kila upande. Usitie simu kwenye mfuko wa shati! Usikaribie maikrowevu! Mengine ni kweli: simu ikae angalau sentimita 15 kutoka kwa kifaa, hasa hizi za siku hizi zenye sumaku ndani, na kwenye mlango wa ukaguzi wa uwanja wa ndege onyesha kadi yako kisha upite bila kusimamasimama. Maikrowevu nzima ya jikoni haina neno.

Sawa. Lakini mimi kazi yangu ni kuandika programu, na swali langu la kwanza halimo kwenye orodha hiyo. Pesimeka ni tarakilishi. Ina betri, ina kumbukumbu, nyingi sasa zina redio, na uamuzi wa kuusukuma moyo au kuuacha hufanywa na programu. Je, programu hiyo nani ameisoma? Daktari wako hajaiona. Wewe ukiiomba, utaambiwa ni siri ya biashara.

Nasema huo ni upuuzi, tena upuuzi wa hatari.

Chukua kisa cha Marie Moe, mtaalamu wa usalama wa tarakilishi kutoka Norwe aliyewekewa pesimeka mwaka 2011. Alikuwa akipanda ngazi za stesheni ya Covent Garden, London, pumzi zikamwishia. Mapigo yalipofika 160 kwa dakika, kifaa kiliyashusha ghafla hadi 80. Kupata chanzo kulichukua muda, kwa sababu mashine ya hospitali ya kurekebishia kifaa ilikuwa na kosa la programu: mipangilio iliyoonyeshwa kwenye skrini sio iliyokuwa kifuani. Hapakuwa na mdukuzi hapo. Ni kosa la kawaida tu, kama yale sisi waandishi wa programu tunayoyasaka kila siku.

Au Karen Sandler, wakili Mmarekani na mtetezi wa programu huria. Yeye ana kifaa cha kuushtua moyo unapoenda mrama. Aliwauliza watengenezaji kama anaweza kuuona msimbo, hakuonyeshwa. Baadaye akiwa mjamzito moyo wake ulidunda kasi, jambo la kawaida kwa wajawazito, lakini kifaa kikadhani ni hatari na kikampiga stima bila sababu.

Najua jibu la kampuni: "Tukiufungua msimbo, wadukuzi watautumia vibaya." Hoja hii inasikika vizuri mpaka uangalie yaliyotokea. Mwaka 2008 watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani, bila kupewa msimbo wowote, walisikiliza redio ya kifaa cha kushtua moyo kwenye maabara. Walisoma data ya mgonjwa, kisha wakakiamuru kitoe shoti. Mwaka 2019 mamlaka za Marekani zilionya kuhusu redio ya Conexus iliyotumika kwenye vifaa vya Medtronic: ujumbe haukusimbwa, wala kifaa hakikuthibitisha anayekiamuru ni nani. Msimbo ulikuwa umefichwa miaka yote hiyo. Ulimlinda nani? Aliyefichwa ni fundi mwema ambaye angeliona pengo hilo mapema. Mlango usio na kufuli hauwi salama kwa sababu umeufunika pazia.

Tusitishane pia. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilipotangaza mwaka 2017 kwamba pesimeka 465,000 za Abbott nchini humo zinahitaji programu mpya, ilisema haijui mgonjwa yeyote aliyedhuriwa kwa udukuzi huo. Daktari akisema unahitaji kifaa, wekewa! Bila hicho hatari ni kubwa zaidi. Ninachokataa ni kuambiwa "tuamini tu".

Na mambo yanaweza kubadilika. Mwaka 2015 Marekani iliwaruhusu wagonjwa kuifikia data ya vifaa vyao wenyewe bila kuvunja sheria ya hakimiliki. Tangu 2023 mtengenezaji anayeomba kibali huko kwa kifaa kipya kinachoweza kuunganishwa na mtandao lazima aipe FDA orodha ya vipande vya programu vilivyomo. Msimbo wenyewe bado umefungwa, lakini ni hatua.

Hapa Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, inayokupa haki ya kuipata data yako iliyo mikononi mwa wengine. Mapigo ya moyo wako ni data yako, au siyo? Na Bodi ya Famasia na Sumu, inayosimamia vifaa vya tiba, nayo idai orodha ya programu na msimbo uwekwe mahali wakaguzi huru wanaweza kuusoma.

Huku tukingoja, kama wewe au mzee wako mna kifaa hicho, nendeni kliniki mkaulize: ni modeli gani, kina toleo gani la programu, redio yake inafanya nini, na programu mpya ikitoka nani atatupigia simu? Ile ya 2017 ilikuwa kazi ya dakika tatu hivi, lakini kliniki tu, haikuweza kutumwa nyumbani. Asiyejua modeli yake angejuaje kwamba anahitajika kwenda? Andikeni majibu kwenye karatasi, myatunze pamoja na kadi ya kifaa.