NYUMBA ZETU: Mapazia ya Fahari

Twaulizwa mara kwa mara, hasa Mfunguo Mosi arusi zinapokuwa nyingi, kama Sharia yakataza mapazia ya mahameli, matakia ya hariri na vitambaa vya zari ambavyo bei yake hutokana zaidi na jina la fundi wa Ulaya aliyevibuni kuliko uzi wenyewe.

Pambo si haramu. Katika Sura ya An-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu ameyataja mapambo ya nyumba yatokayo katika sufu na nywele za wanyama kuwa ni katika neema zake. Basi mtu asiwatishe wenziwe kwa lisilokatazwa.

Lakini iko hadithi aliyoipokea Imam Muslim. Mtume (S.A.W.) alikwenda vitani, na Bibi Aisha (R.A.A.) akatundika kitambaa kizuri mlangoni. Aliporudi Mtume na kukiona, uso wake ulionyesha machukio. Akakivuta hata akakipasua, akaeleza kwamba Mwenyezi Mungu hakutuamrisha kuvika mawe na udongo. Wengi huisimulia mpaka hapo wakanyamaza, na kumbe mwisho wake ndio mtamu: Bibi Aisha alikikata kitambaa kile akashona mito miwili, akaijaza nyuzi za mtende, wala Mtume hakumlaumu. Imam Nawawi, akiisherehesha, amesema kuvika kuta ni makuruhu, si haramu.

Hariri ina hukumu yake. Hadithi ya Hudhaifa katika Bukhari yawakataza wanaume kuivaa na kuikalia. Na katika madhehebu ya Imam Shafi, mwanamume haikalii ila kikitandikwa kitu juu yake. Wala mtu asitujibu kwamba hata Al-Kaaba huvikwa hariri. Ile ni Nyumba ya Mwenyezi Mungu, si sebule yetu.

Linalotuudhi zaidi ni deni. Twazijua nyumba ambazo pazia la sebuleni lilinunuliwa kwa mkopo wa riba, na ada ya watoto ikangoja. Kijana aposaye huulizwa atapambaje nyumba kabla hajaulizwa kama husali! Enyi wazazi wa mabinti, swali hilo lapeleka vijana wangapi kwa wakopeshaji?

Na katika joto letu la pwani mahameli hushika vumbi, tena ni taabu kufua. Kitambaa cha pamba kilichoshonwa na fundi wa mtaani huzuia jua vile vile, na kikichakaa hugeuzwa foronya.