Bulo iliyokamata inataka muda, haitaki mabavu

Mashini ya kusaga ikisimama wakati wa mavuno, kila mutu anapiga kelele: "Fungua mbio!" Njo pale tunaharibu. Tunaongeza bomba kwenye kle, tunavuta watu wawili, kichwa cha bulo kinakatika. Kazi ya siku moja inakuwa ya juma zima, na mama zetu wanabeba mahindi mpaka kijiji kingine.

Mimi naona hivi: tumpe fundi muda. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, njo maana bulo inabana. Asugue kutu kwa burosi ya chuma, atie mazutu iliyochanganywa na mafuta ya moteri, agonge kichwa polepole na nyundo, aache mpaka asubuhi. Halafu achukue kle inayokaa sawasawa: kwanza akaze kidogo, kisha alegeze. Moto hapana, kwani mazutu inawaka.

Na kamati iandike katika kanuni: mbele ya kila msimu, bulo zote zifunguliwe, zipakwe grisi. Kopo la grisi ni bei ndogo kuliko mavuno yaliyolala bila kusagwa.